Utu Uzima na Mavazi ya Hiari: Umri wa Makamo katika Historia ya Wanawake wa Pwani ya Afrika Mashariki, 1897–2013

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya umri wa makamo katika historia ya mavazi ya wanawake wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki, hususani Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanza na amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar na kuishia kwenye kifo cha Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, mwaka 2013. Watafiti waliotangulia wameisoma nguo ya mwanamke kama kielelezo cha tabaka, asili, dini na jinsia. Makala yanadai kwamba umri ni kipengele kilichosahauliwa katika usomaji huo. Hoja kuu ni kuwa, kwa wanawake wengi wa miji hiyo, mamlaka ya kuamua wavae nini na wajipambe vipi hayakupatikana ujanani. Yalipatikana baada ya ndoa ya kwanza, uzazi na mara nyingi talaka, pale walipoanza kujipatia fedha zao na kushika vyeo miongoni mwa wanawake wenzao. Mamlaka hayo yalikuwa na mipaka, na sehemu ya mwisho inaijadili.

1.0 Utangulizi

Bibi yake mtafiti, mkazi wa Ng'ambo katika mji wa Zanzibar, aliacha sanduku la mbao lililojaa kanga. Alipokuwa hai alikuwa akizigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza aliliita za kuletewa: kanga za posa, za harusi, za arubaini na za sikukuu, alizochaguliwa kwanza na mama yake na baadaye na mumewe. Fungu la pili aliliita za kujinunulia. Hizo zilianza kuingia sandukuni baada ya kuachika, alipokuwa akiuza vitumbua asubuhi na kuhesabu pesa zake mwenyewe jioni. Za kuletewa alizivaa jikoni. Za kujinunulia alizivaa akitoka.

Sanduku moja haliwezi kuwa ushahidi wa historia ya pwani nzima, na halitumiki hivyo hapa. Lakini mgawanyo wa mwenye sanduku ulizua swali ambalo mtafiti hakulikuta katika maandiko aliyoyapitia: mwanamke wa pwani alianza lini, katika umri wake, kujivalisha mwenyewe? Swali hili ni tofauti na lile la kuuliza wanawake wa pwani walivaa nini. La pili limejibiwa kwa upana. Laura Fair (2001), katika utafiti wake kuhusu utamaduni na jamii ya mji wa Zanzibar kati ya 1890 na 1945, ameonesha jinsi waliokuwa watumwa na vizazi vyao walivyotumia nguo, muziki na mpira kudai nafasi ya raia walio huru. Margaret Strobel (1979) ameandika kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975, Susan Geiger (1997) kuhusu wanawake wa TANU, na Andrew Ivaska (2011) kuhusu dola na mitindo ya vijana Dar es Salaam. Katika kazi hizi zote wanawake wa makamo wamo, tena kwa wingi. Hata hivyo, umri wao hutajwa kama sifa ya pembeni na hauchukuliwi kuwa sababu inayoeleza jambo.

Kuuacha umri kando kuna gharama. Mwanahistoria asiyeuliza umri huelekea kuuona umaridadi kuwa jambo la wasichana, na mwanamke mtu mzima humwona kama mtunza mila tu, mtu aliyekwisha kuvalishwa na desturi. Makala haya yanapinga picha hiyo.

2.0 Umri wa mwanamke katika lugha na desturi

Kiswahili kina ngazi nyingi za kuutaja umri wa mwanamke: kigori, mwari, mke, mama, mtu mzima, bibi, kikongwe, ajuza. Ngazi hizi hazipimwi kwa miaka. Hupimwa kwa matukio ya mwili na ya jamii: kuvunja ungo, kuchezwa unyago, kuolewa, kuzaa, kuozesha, kufiwa. Kwa hiyo mwanamke aliyeozwa akiwa na miaka 15 angeweza kuitwa mtu mzima akiwa bado hajatimiza 40, kwa kuwa tayari amemwoza bintiye.

Maneno mawili yanahitaji kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni makamo, lenye asili ya Kiarabu na linalobeba maana ya cheo au mahali pa mtu kusimama. Kusema mwanamke ni wa makamo ni kumpa umri na hadhi kwa pamoja. La pili ni utu uzima. Mzima ni mtu asiyepungukiwa, na methali isemayo utu uzima dawa inauchukulia umri huo kama akiba ya kutibu mambo ya wengine. Kinyume chake ni ajuza na kizee, maneno ambayo katika matumizi ya kila siku hugeuka matusi, hasa yakielekezwa kwa mwanamke anayejipamba. Lugha yenyewe, basi, ina pande mbili. Humheshimu mwanamke mtu mzima anapotoa ushauri, na humkejeli anapojitia wanja.

Dini nayo inautambua umri katika suala la mavazi. Aya ya 60 ya Suratun-Nur inawapa wanawake waliokwisha kupita umri wa kutaraji ndoa ruhusa ya kupunguza nguo zao za juu, bila kuonesha mapambo, huku ikiongeza kuwa kujisitiri ni bora kwao. Wakati huohuo sheria ya eda inamtaka mjane ajiepushe na manukato na mapambo kwa miezi minne na siku kumi, awe kijana au mtu mzima. Mwanamke wa pwani aliishi kati ya hukumu hizi, na hakuna hata moja iliyomwambia kuwa umri ukishapita hana haki tena ya kupendeza. Udi, hina, vikuba vya asumini na liwa havikuwa na kikomo cha miaka. Aliyewafundisha vijana namna ya kuvitumia alikuwa somo au kungwi, na kungwi kwa desturi alikuwa mtu mzima. Huu ni ukweli ambao historia ya mavazi imeupita haraka: elimu ya kujipamba katika miji ya pwani ilikuwa mikononi mwa wanawake wa makamo.

3.0 Kaniki, kanga na kizazi cha 1897

Katika karne ya 19 nguo ilimtangaza mtu kabla hajafungua kinywa. Watumwa wengi wa Zanzibar walivaa merikani, yaani pamba nene isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, au kaniki iliyochovywa rangi ya nili. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa alama za waungwana. Upande wa pili wa ngazi walikuwapo wanawake wa nyumba za kifalme, wenye suruali za marinda na barakoa, ambao Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, aliyaeleza maisha yao katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika Mombasa na Lamu, wanawake wa nyumba kubwa walitembea ndani ya shiraa, pazia lililobebwa na watumwa wao.

Kanga ilizaliwa katikati ya ngazi hii. Ilitokana na leso zilizoshonwa pamoja kuwa kipande kimoja, na Mombasa bado inaitwa leso hadi leo. Ilipata umbo tunalolijua, lenye pindo, mji na baadaye jina, yaani msemo, ulioandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu na kisha kwa hati za Kirumi. Fair ameeleza vyema jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na kuikimbilia kanga. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar, ingawa masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya hatua kama hiyo ilichukuliwa mwaka 1907. Shiraa ilitoweka kwa kukosa wabebaji, na buibui likaenea kwa wanawake wa asili mbalimbali, likimfunika binti wa mwinyi na binti wa mtumwa kwa kitambaa kimoja cheusi.

Hadi hapa simulizi inafahamika. Tukiongeza umri, picha inabadilika. Mwanamke aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1897 alitimiza miaka 45 mwaka 1927. Aliyekuwa na miaka 20 alifikia 50. Hii ina maana kwamba miaka ya 1920, ambayo huelezwa kama kipindi cha kuchanua kwa kanga, buibui na taarabu ya Kiswahili katika mitaa ya Ng'ambo, ilikuwa pia miaka ya makamo ya kizazi cha kwanza kilichoonja uhuru kikiwa na akili zake. Wasichana waliozaliwa huru walikuwapo, na walipenda mitindo kama wasichana wa zama zote. Lakini kwao kanga ilikuwa nguo waliyoikuta. Kwa mama zao ilikuwa nguo waliyoichagua, kwa sababu walikuwa wanaijua ile ya kwanza. Uzito wa kuchagua hauonekani bila kumbukumbu ya kunyimwa, na kumbukumbu hiyo walikuwa nayo watu wazima.

4.0 Siti binti Saad: jina jipya, sauti pevu

Maisha ya Siti binti Saad yanaiweka hoja hii katika mwili wa mtu mmoja. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Aliolewa, akazaa, akaachika. Alisaidia kuuza vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa na miaka kama 31, umri ambao kwa hesabu ya siku zile haukuwa tena wa usichana. Huko alijifunza muziki na kuimba kwa Kiarabu, na huko alipata jina la Siti, ambalo ni jina la heshima la bibi mwungwana. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa amekaribia miaka 48.

Wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka 1958 unamtukuza kama mfano wa mtu aliyeinuka kwa juhudi na tabia. Watafiti wa baadaye wamemsoma kama sauti ya wanyonge wa Ng'ambo. Usomaji wote huo ni halali, lakini unaupita umri. Simulizi za Zanzibar zinaeleza kwamba wapinzani wake walimkejeli kwa asili yake na kwa sura yake, wakidai hana uzuri, naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri si hoja. Jibu hilo lisingekuwa na nguvu kama lingetoka kwa msichana anayesubiri kuposwa, kwa kuwa katika soko la ndoa uzuri ulikuwa hoja. Lilikuwa na nguvu kwa sababu lilitoka kwa mwanamke aliyekwisha kupita katika soko hilo na kutoka akiwa hai, mwenye chanzo chake cha fedha na watu wa kumsikiliza.

Kubadili jina kutoka Mtumwa kuwa Siti kunaweza kutazamwa pamoja na kubadili kaniki kwa kanga. Vyote viwili ni kuvua alichovikwa na wengine. Tofauti ni kwamba jina hili jipya alilivaa akiwa mtu mzima, mbele ya watu waliolijua la kwanza. Alifariki mwaka 1950, na hakuna anayemkumbuka leo kwa jina la kuzaliwa isipokuwa wanaosoma wasifu wake.

5.0 Lelemama, makungwi na wanawake wa TANU

Ingekuwa rahisi kusema Siti alikuwa mtu wa pekee. Ushahidi wa Mombasa na Dar es Salaam unaonesha vinginevyo. Strobel ameeleza vyama vya lelemama vya Mombasa, vikundi vya ngoma vya wanawake vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na mashairi, na vilivyokuwa na vyeo ndani yake. Cheo kilihitaji fedha za kuandaa karamu na uzoefu wa kuongoza watu, mambo mawili ambayo msichana hakuwa nayo. Sare ya kikundi, yaani doti ya kanga ya aina moja iliyovaliwa na wote, ilimweka mwanamke katika safu ya wenzake kwa uamuzi wa kikundi chenyewe. Si mume wala baba aliyeichagua.

Masimulizi ya wazee wa Mombasa yaliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel (1989), ambayo yana toleo pia la Kiswahili, yana thamani ya pekee kwa hoja hii. Wasimulizi wake watatu walizungumza wakiwa wazee, na wanaupima ujana wao kutoka upande wa pili wa maisha. Mmoja wao, Mishi wa Abdala, alikuwa na ujuzi wa kungwi. Katika masimulizi haya uzee unakuwa mahali pa kusimulia kutoka, penye ruhusa ya kutaja yale ambayo msichana angeyaonea haya.

Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1950 mtandao wa aina hii uliingia katika siasa. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya kuongoza wanawake wa TANU kuanzia mwaka 1955. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajafika miaka 30. Lakini Geiger ameonesha kwamba wanawake aliowaleta chamani walikuwa kwa kiasi kikubwa Waislamu wa makamo, wenye elimu ndogo ya darasani, wengi wao wameachika na wanajitegemea kwa biashara ndogondogo za pombe, maandazi na vyakula. Sifa hizi kwa kawaida huorodheshwa kama udhaifu walioushinda. Makala haya yanazisoma kama sababu. Mwanamke aliyeachika, mwenye watoto wakubwa na pesa ya maandazi mfukoni, hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa ya kutoka usiku kwenda mkutanoni. Kanga aliyoivaa mkutanoni alikuwa ameinunua mwenyewe.

6.0 Dola na mavazi ya heshima

Baada ya uhuru, uhusiano kati ya umri na mavazi uliingia katika mikono ya dola. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969 jijini Dar es Salaam. Ilipiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi. Ivaska ameeleza jinsi wasichana walivyosumbuliwa mitaani kwa jina la utamaduni wa taifa.

Walengwa walikuwa vijana. Mwanamke wa makamo hakutajwa katika orodha ya makosa, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa kipimo chenyewe. Kanga yake na kitenge chake viligeuzwa kuwa vazi la heshima ambalo wengine walilinganishwa nalo wakaonekana wamepotoka. Hapa pana kinaya cha kihistoria. Kanga, ambayo miaka 70 kabla ya hapo ilikuwa mtindo mpya wa wanawake waliokataa vazi walilopangiwa, sasa ilitumika kuwapangia wasichana vazi. Chaguo la kizazi kimoja liligeuka kuwa amri kwa kizazi kingine. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapisha kanga na vitenge vya nchi inayojitegemea, na vazi la bibi likawa pia bidhaa ya sera.

Mwanamke wa makamo alipata nini katika mpango huo? Alipata heshima ya hadharani, na hilo si dogo. Lakini alipoteza kitu pia. Nguo ikishakuwa alama ya taifa, anayeivaa huonekana anawakilisha, na si rahisi tena kumwona kuwa anachagua. Picha ya mama aliyejifunga kanga ilienea katika mabango na sherehe, huku mwenye kanga hiyo akinyamazishwa ndani ya picha. Uhaba wa nguo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliongeza ugumu mwingine, kwa kuwa doti ilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana, na anayepata kwa kujuana huchukua anachopewa. Baada ya kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia mwaka 1984, kanga za India, mitumba na hatimaye magauni mapana ya madera zilijaa madukani. Uwezo wa kuchagua ulirudi kwa mwenye fedha.

7.0 Bi Kidude na umri usio na tarehe

Fatuma binti Baraka aliishi katika vipindi vyote hivi. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani. Mwenyewe aliutaja kwa kusema alizaliwa enzi za rupia, fedha iliyotumika Zanzibar hadi ilipobadilishwa na shilingi mwaka 1936. Alijifunza nyimbo kutoka kwa kundi la Siti binti Saad, alipiga ngoma ya unyago, na alikuwa fundi wa kuwafunda wari. Safari zake nyingi za ng'ambo zilianza miaka ya 1980, alipokuwa tayari bibi kwa hesabu yoyote. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX kwa mchango wake katika muziki. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Waandishi wa habari walipenda kumwita ajabu: kikongwe anayevuta sigara, anayeimba, anayepiga ngoma akiwa amejifunga kiunoni. Neno ajabu linaficha historia. Alivyojiweka Bi Kidude hakukuwa kinyume cha desturi za pwani kuhusu uzee wa mwanamke. Kulikuwa ni kuzifikisha mwisho wake. Kungwi ndiye mwanamke aliyeruhusiwa kutaja mwili waziwazi, kucheza mbele ya wari na kuonesha kwa kiuno kile ambacho wengine walikinong'ona. Ruhusa hiyo aliipata kwa umri. Bi Kidude aliitoa uani akaipandisha jukwaani, mbele ya wanaume na wageni, na hapo ndipo lilipo jambo lake jipya.

Ukosefu wa tarehe yake ya kuzaliwa pia una fundisho kwa mtafiti. Nyaraka za kikoloni hazikumwandika binti wa muuza nazi. Alipokuwa mzee, watu walishindana kumpa miaka, wengine 90, wengine zaidi ya 100. Yeye aliacha mashindano yaendelee. Mwanamke ambaye hakuna karatasi inayomwambia ana miaka mingapi anabaki na uhuru mdogo usiotarajiwa: hawezi kuambiwa kwa ushahidi kwamba muda wake wa jambo fulani umekwisha.

8.0 Mipaka ya hoja

Mtahini ana haki ya kuuliza kama hoja hii haipambi uzee kupita kiasi. Mipaka mitatu inapaswa kukubaliwa.

Kwanza, mamlaka yaliyoelezwa hapa yalitegemea pato. Mwanamke wa makamo aliyeachika bila biashara, bila ndugu na bila nyumba hakuwa huru. Alikuwa maskini. Talaka ileile iliyomfungulia mmoja sanduku ilimfungia mwingine mlango. Hali ya wanawake wazee waliotoka utumwani bila jamaa ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kuachwa huru uzeeni kungeweza kuwa na maana ya kuachwa bila mlezi.

Pili, jamii haikuacha kuadhibu. Kiswahili cha mijini cha miongo ya karibuni kimezaa maneno kama shangingi na jimama, ambayo humlenga mwanamke mtu mzima mwenye fedha na mapambo, na kumshuku kwamba vyote viwili kavipata kwa njia mbaya. Mwanamume wa umri huohuo, akivaa kanzu mpya na kutia mafuta ya uturi, huitwa nadhifu. Kuwapo kwa maneno haya kunathibitisha kwamba uhuru huo upo na unaonekana, maana watu hawatungi tusi kwa jambo lisilokuwapo. Lakini kunathibitisha pia kwamba una bei.

Tatu, Siti, Bibi Titi na Bi Kidude ni watu mashuhuri, na umashuhuri huacha kumbukumbu. Wanawake wengi wa makamo wa Ng'ambo, Mji wa Kale wa Mombasa na Kariakoo hawakurekodiwa wala kuandikwa. Ushahidi wao umo masandukuni na vinywani mwa walio hai, na walio hai wanapungua. Kwa sababu hiyo mtafiti anapendekeza kwamba masanduku ya kanga yachukuliwe kuwa nyaraka: kila doti iandikwe ilipatikana lini katika maisha ya mwenyewe, kwa nani, kwa tukio gani, na nani alilichagua jina lake. Swali la mwisho ndilo la msingi, na ndilo ambalo makumbusho hayaulizi.

9.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba katika miji ya pwani, kati ya 1897 na 2013, umri wa makamo ulikuwa kwa wanawake wengi wakati wa kuanza kujivalisha. Kizazi cha kwanza cha waliotoka utumwani kiliufikia umri huo katika miaka ileile ambayo kanga na buibui vilienea. Siti binti Saad alipata jina na sauti yake akiwa mtu mzima. Vyama vya lelemama viliwapa watu wazima vyeo na sare, na harakati za uhuru ziliwakuta tayari wamejipanga. Dola ililichukua vazi lao likawa kipimo cha kuwabana binti zao. Bi Kidude aliichukua ruhusa ya kungwi akaitembeza duniani.

Kinachofuata kwa wanahistoria wa mavazi ni kuongeza umri katika orodha ya maswali yao, pamoja na tabaka, asili na dini. Doti moja ya kanga iliyoletwa na mchumba na nyingine ya rangi ileile iliyonunuliwa na mwanamke wa miaka 50 kwa pesa za vitumbua ni nguo moja kwa muuza duka. Kwa historia ni nguo mbili. Bibi yake mtafiti, ambaye hakusoma kitabu chochote kilichotajwa hapa, aliijua tofauti hiyo, na ndiyo maana alizikunja mbalimbali.